Pasi ya mshono: kulaza au kufungua?
Ukiunga miraba ya viraka vya vitenge kuwa uso wa mfarishi (tandiko nene la kitandani), pasi ndiyo huamua. Mimi hulaza mshono upande mmoja: safu ya kwanza kulia, ya pili kushoto. Safu zikikutana, mishono hujikaba yenyewe. Ukipapasa kwa kidole unaisikia imekaa, na pini moja inatosha. Ila ukilaza kitambaa cheusi chini ya cheupe, kivuli chake huonekana.

Kufungua mshono, yaani kutandaza kingo zake mbili kwa pasi, mmoja huku na mwingine kule, hutoa uso bapa. Kwa nyota ya ncha nane sibishani: ukilaza, katikati panavimba kama kifungo, sindano inakwama. Lakini pini huongezeka, na kufungua ukingo wa robo inchi karibu na pasi ya moto, vidole vyangu vinajua.