Matembezi ya Lisbon katika Nyayo za Meja Melo Antunes

Kampuni ndogo ya waongoza watalii mjini Lisbon huandaa matembezi ya miguu kuhusu Ernesto Melo Antunes, afisa wa mizinga aliyeshiriki kuandika programu ya kisiasa ya mapinduzi ya 25 Aprili 1974 yaliyouangusha udikteta wa Ureno, ingawa siku yenyewe alikuwa kazini katika visiwa vya Azores. Maelezo yanayotolewa Largo do Carmo, mahali Marcello Caetano, waziri mkuu aliyepinduliwa, aliposalimu amri, ni bora kabisa: mwongozaji anafafanua kwa utulivu jinsi Waraka wa Tisa, tamko la Melo Antunes na maafisa wenzake la Agosti 1975, ulivyoukataa mfumo wa kikomunisti wa Ulaya Mashariki bila kuuacha ujamaa.

Kasoro ni Afrika. Mazungumzo ya Melo Antunes na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, jijini Dar es Salaam, yaliyotangulia Mkataba wa Lusaka wa 7 Septemba 1974 kuhusu uhuru wa Msumbiji, yaligusiwa kwa sentensi mbili tu, jambo linalomuudhi msikilizaji aliyetoka upande wetu. Uwaziri wake wa mambo ya nje ulielezwa vizuri. Miaka ya UNESCO na ya Chama cha Kisoshalisti ilipitiwa haraka, nadhani kwa haki. Bei ni ya wastani. Atakayekwenda avae viatu imara, kwa kuwa vilima ni vikali.