Steshenari ya Kabwe: pa kuanzia kama uko Mbeya na unataka kusoma nje

Mwanachuo yeyote wa Mbeya akiniuliza aanzie wapi safari ya kusoma nje ya nchi, namwelekeza kwenye steshenari ndogo iliyo njia ya kutoka Kabwe kuelekea Mwanjelwa. Haina jina la kujivunia. Ubao wake umeandikwa "Steshenari, Picha, Skani", basi. Ndani kuna kompyuta mbili, skana, printa ya rangi, kitambaa cha bluu mpauko cha kupigia picha za pasipoti, na dada mmoja anayeijua kazi hii kuliko ofisi nyingi zenye makochi na mabango ya ndege.

Nasoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, mwaka wa mwisho, na nimeomba ufadhili wa Serikali ya China kwa ajili ya uzamili. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kusoma nje, kwa hiyo sikuwa na kaka wala shangazi wa kumuuliza. Nilianza kwa wakala mmoja wa mjini ambaye sitamtaja. Alitaka laki nne za "kufungua faili", wakati kujaza fomu ya ufadhili huo mtandaoni ni bure. Wakala wa kupeleka wanafunzi vyuo vya nje anatakiwa awe amesajiliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nami nikaomba kuona cheti chake. Nikaambiwa kiko njiani. Nikashukuru, nikaondoka.

Kwa dada wa Kabwe nililipa shilingi 500 kwa kila ukurasa wa kuskani na 200 kwa kuprinti. Hana ada ya ushauri, ila ushauri anautoa muda wote mikono ikiwa kazini.

Jambo la kwanza aliloniuliza si nchi ninayotaka. Aliniuliza kama nina pasipoti. Sikuwa nayo. Akaniambia tuanzie hapo, kwa sababu mfumo wa maombi wa China unataka namba ya pasipoti, na majina utakayojaza kwenye fomu lazima yafanane herufi kwa herufi na ya kwenye pasipoti. Kwetu huku majina yanasumbua. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeandika la babu kwa herufi nyingine. Alinipangia vyeti vyangu vyote mezani, akapitisha kidole jina moja baada ya jingine, akanionyesha panapotofautiana. Nilienda kwa wakili kuapa kiapo cha majina kabla sijagusa fomu yoyote. Fomu ya pasipoti tukaijaza palepale kwenye mfumo wa Uhamiaji. Gharama yote ni shilingi 150,000: unalipa 20,000 za fomu kwanza kwa kontrol namba, 130,000 zinafuata. Makaratasi unayapeleka mwenyewe Uhamiaji mkoa hapahapa Mbeya, na alama za vidole wanachukua huko.

Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa nyumbani Tukuyu. Mama alikifunga kwenye nailoni mbili kwa ajili ya mvua, akampa konda wa Kosta, nikakipokea stendi. Nilipokifikisha steshenari nikataka kilaminetiwe kisiharibike, maana mashine anayo na kazi hiyo inamwingizia hela. Akakataa. "Mdogo wangu, cheti cha kwenda nje hakilaminetiwi. Kesho kutwa wakitaka kukigonga mhuri nyuma, watagonga wapi?" Kisha akanionyesha skani ya cheti kilicholaminetiwa cha mteja aliyekuwa palepale, jina akiwa amelifunika kwa kidole. Taa ya skana ilikuwa imeacha mstari mweupe katikati, na nusu ya namba ya cheti haisomeki. Steshenari ngapi zingekataa hiyo hela?

Kinachonifanya niandike hasa ni namna anavyoshughulikia barua pepe. Wanachuo wengi tunafunguliwa barua pepe steshenari, tena kwa simu ya mwenye steshenari na neno la siri la mwenye steshenari. Miezi inapita, chuo kinaandika kuomba karatasi iliyopungua, na ujumbe unaingia kwenye akaunti ambayo mwenyewe huwezi kuifungua. Najua mtu hapa chuoni aliyepoteza nafasi kwa njia hiyo. Huyu dada hafungui akaunti kwa namba yake hata ukimbembeleza. Ukifika huna barua pepe, anakupa kiti, anakuambia utoe simu yako, unafungua mwenyewe, na neno la siri unaliandika yeye akiwa ameangalia pembeni. Ukimaliza kazi, anafuta mafaili yako kwenye kompyuta huku unaona, halafu anamwaga na kile kikapu cha taka cha kwenye skrini. Picha ya pasipoti, namba ya NIDA na matokeo yako havibaki pale. Kwa mtu anayehudumia wanafunzi kutwa nzima, huo ni uaminifu mkubwa, na natamani kila steshenari ya Mbeya iige.

Macho yake nayo ni makali. China wana fomu ya uchunguzi wa afya kwa wageni, ya kurasa mbili, ambayo ina picha ya anayepimwa, saini ya daktari, mhuri wa hospitali, na majibu ya damu, moyo na eksirei ya kifua. Nilirudi nayo nikiwa na furaha kwamba imeisha. Aliitazama kabla ya kuiweka kwenye skana, akanirudishia. Mhuri ulikuwa umegongwa chini kwenye kona, picha yangu ikabaki safi. Maelekezo ya ufadhili yanasema wazi kwamba bila saini, bila mhuri, au picha isipogongwa mhuri, fomu haikubaliki. Nikarudi hospitali siku hiyohiyo, mhuri ukagongwa nusu kwenye picha, nusu kwenye karatasi. Akaniambia pia kwamba majibu ya vipimo hivyo yanadumu miezi 6, kwa hiyo wanaopima mapema mno ili "wawe tayari" hujikuta wanalipia tena.

Yapo asiyofanya, na kwangu hizo ni sifa. Hakuandikii mpango wa masomo, ile karatasi ya kueleza unataka kusoma nini na kwa nini. Nilimwona kijana akimpa elfu ishirini amwandikie kama alivyoandikiwa rafiki yake, akamjibu, "Andika mwenyewe, ndiwe utakayeulizwa." Hagusi tarehe ya kuzaliwa kwenye skani ya mtu. Hii inahitaji msimamo, hasa msimu wa Uturuki, maana ufadhili wao wa shahada ya kwanza unataka uwe chini ya miaka 21, na wa uzamili chini ya 30. Vijana wengi wanakuta wamepitwa kwa miezi. Anawaelekeza watazame kwingine. China, kwa mfano, wanaruhusu shahada ya kwanza hadi chini ya miaka 25 na uzamili chini ya 35.

Upungufu upo. Viti ni viwili tu, wengine mnasimama nje kwenye vumbi la bajaji. Jioni intaneti inakuwa nzito, faili la megabaiti mbili linazunguka mpaka unakata tamaa. Umeme ukikatika, betri ya akiba inatosha kuhifadhi kazi na kuzima, basi. Na kuanzia tarehe 10 Januari dirisha la Uturuki linapofunguliwa, mpaka linapofungwa tarehe 20 Februari, pale hapafai kwa mwenye haraka. Wiki ya mwisho foleni inafika duka la jirani. Kingine, anajua vizuri China, Uturuki na India. Rafiki yangu anayeomba Ujerumani alisaidiwa skani tu. Mambo ya ile akaunti maalumu ya benki inayotakiwa kuwa na yuro 11,904 za kujikimu kwa mwaka ilibidi ayasome mwenyewe kwenye tovuti ya ubalozi.

Viza nayo iko nje ya uwezo wake. Balozi ziko Dar, na kutoka Mbeya ni kilomita zaidi ya 800 za barabara. Nikipata, nitahitaji barua ya chuo na fomu ya JW201 ya kuombea viza ya mwanafunzi, viza yenyewe ya X1, na hati ya TCU ya kutokuwa na pingamizi. Dada ameniandikia hivyo vyote nyuma ya bahasha kwa mpangilio, kipi kinatangulia kipi, na pembeni ameweka nauli ya basi kwenda na kurudi niianze kuiweka sasa.

Majibu ya maombi yangu bado. Huduma naipima kwa kazi iliyofanyika: fomu ilipokelewa bila kurudishwa, na hakuna karatasi niliyoskani mara mbili.

Ukienda, shuka Kabwe, fuata upande wa sokoni, uliza steshenari yenye kitambaa cha bluu. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, kabla ya saa nne. Beba vyeti halisi, si kopi, kitambulisho cha NIDA, na simu yenye chaji na laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Picha vaa nguo ya rangi iliyokolea, maana nyeupe inamezwa na taa yake. Jumapili hafungui.