Uzoefu wangu: jengo la bunge la Minnesota, mpaka kwenye farasi wa dhahabu

Ukiwa Saint Paul, Minnesota, na una muda wa saa moja, panda treni ya Green Line ushuke kituo cha Capitol/Rice Street. Lile kuba jeupe utaliona kabla hujauliza mtu. Ndani kuna matembezi yanayoendeshwa na Minnesota Historical Society, shirika la historia la jimbo, ni bure, na mchango ni hiari yako.

Sikutarajia makubwa, nikisema kweli. Majengo ya mabunge ya majimbo ya Marekani mengi yanafanana: kuba, nguzo, ngazi, basi. Hata hili, msanifu wake Cass Gilbert alichukua mfano Roma, kwenye kanisa la Mtakatifu Petro. Jengo hili la bunge ni la tatu kujengwa. La kwanza liliteketea kwa moto 1881, la pili likawa finyu mapema, hili likafunguliwa 1905.

Kilichonishika ni habari ya mawe. Gilbert aling'ang'ania marumaru nyeupe kutoka jimbo la Georgia. Sasa fikiria: Georgia ilikuwa upande wa Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilivyokwisha 1865, na askari wa Minnesota waliopigana nao bado walikuwa hai, wanasoma magazeti. Yaani pesa za umma ziende kwa adui wa jana, na sisi tuna machimbo yetu? Moto ukawaka. Mwishowe wakapatana: sehemu ya chini na ngazi ziwe za graniti ya Saint Cloud, hapa hapa Minnesota, marumaru ikae juu, ila ichongwe Saint Paul ili ujira ubaki nyumbani. Mmoja wa mafundi mawe waliopata kazi hiyo ni Casiville Bullard, Mmarekani Mweusi aliyetoka Tennessee.

Suluhu hiyo unaiona kwa macho. Simama karibu na ukuta wa nje: chini kijivu, gumu, pembe bado kali, juu nyeupe, laini, na ukitazama vizuri utatofautisha vipande vipya na vya zamani. Barafu ya huku, kuganda na kuyeyuka kila mwaka, iliitafuna ile marumaru mpaka ikaanza kumeguka. Ujenzi wote uligharimu dola milioni 4.5, ukarabati wa 2013 hadi 2017 ukala kama milioni 310 (umo ndani yake ukarabati wa jengo zima, si mawe tu). Kwa maoni yangu wale wazee waliotaka jiwe la kwao walikuwa na hoja, hata kama sababu yao ilikuwa kinyongo.

Ndani kuna ukumbi wa Seneti, wa Wawakilishi, chumba cha Mahakama ya Juu, dhahabu na michoro kila upande. Vizuri, lakini macho huchoka. Mimi nilipenda zaidi mgahawa wa chini, wenye misemo ya Kijerumani ukutani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilifunikwa kwa rangi kwa chuki dhidi ya Wajerumani, ikarejeshwa 1999.

Kisha paani. Hali ya hewa ikiruhusu, mnapandishwa mpaka kwenye farasi wanne wa shaba iliyopakwa dhahabu, kazi ya Daniel Chester French na Edward Potter. Farasi hao ni nguvu za asili: ardhi, upepo, moto na maji. Ukiwa chini wanaonekana kama pambo la keki. Ukiwafikia, kwato ziko karibu na uso wako na jua likipiga huwezi kuwatazama moja kwa moja. Hapo hata wanafunzi waliokuwa wanasukumana ngazini walinyamaza.

Ushauri: nenda majira ya joto, maana theluji au upepo ukizidi paa halifunguliwi. Fika asubuhi kabla makundi ya shule hayajajaa, kwa kuwa chini ya kuba sauti hurudi na maelezo hupotea. Mwenye magoti mabovu abaki chini, kule juu ni ngazi tupu.

Nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya ngazi hizo.