Scarlett Solo kwenye Linux: naichomeka mbele yenu

Tazameni mikono yangu. Hiki ni Scarlett Solo, kiboksi cha Focusrite cha kuunganisha maiki na kompyuta. Waya huu, laptopu hii yenye Debian 13, aina mojawapo ya Linux, sijapakua draiva yoyote. Nachomeka... haya! Naandika arecord -l, amri ya kuorodhesha vifaa vya kurekodi, enta. Mnaiona hiyo? Scarlett Solo USB. Basi! Imeshaingia.

Ngoja nichomoe nirudie, maana kuna mwenzetu kwenye maoni alinibishia kwamba Linux na maiki ni paka na panya. Nachomeka tena... hiyo hapo. Kaka, umeridhika? Kiboksi hiki kinafuata USB Audio Class 2, utaratibu wa pamoja wa vifaa vya sauti vya USB, na draiva yake, snd-usb-audio, imo tayari ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Kampuni haina haja ya kukutengenezea chochote.

Angalizo kwa wenye Scarlett ya kizazi cha 3, mpya kutoka boksini: hujileta pia kama flashi. Shikilia kitufe kilichoandikwa 48V huku unachomeka, kisha chomoa, chomeka upya. Tumemaliza.

Sifa zake mnazijua, sizisomi. Nataka muone hiki kitufe cha Air, kinachong'arisha sauti za juu. Programu hii, alsa-scarlett-gui, ndiyo pekee niliyoiweka mwenyewe. Ni ya Geoffrey Bennett, ndiye pia aliyeandika draiva ya vidhibiti. Kamera isogee... Nabofya Air kwenye skrini, msiangalie skrini, angalieni kiboksi. Taa imewaka! Nazima. Nawasha. Sijakigusa! Zamani ilibidi uiandikie draiva mpangilio device_setup=1 ndipo vidhibiti kama Air vitokee; tangu kerneli 6.7 vinakuja vyenyewe, na Debian 13 ina 6.12.

Nilikuwa nataka kusema Air ni urembo tu. Sikilizeni kwanza: hii imezimwa, „samaki, sukari, soko la Kisutu”. Hii imewashwa, „samaki, sukari, soko la Kisutu”. Hizo „s” zimechomoza, eh? Kwa sauti yangu ya kukwaruza, hapana. Kwa dada anayeimba, labda.

Bei inauma, sikatai. Behringer UMC22 ni nafuu, nayo Linux inaipokea hivi hivi. Kwa kasi ya kuchukua sampuli za sauti, inaishia kilohezi 48, hii Scarlett inafika 192. Sasa 192 kwenye podikasti unamrekodia nani, popo?

Ah, live ya Jumamosi imesogea Jumapili, saa 3 usiku, umeme ukiruhusu. Hebu niwashe Air tena, nadhani ile ya pili nilikuwa karibu mno na maiki...