Wadi ya watoto wenye kansa, Bukavu: nyota 4 kati ya 5

Jina la hospitali silitaji. Wa Bukavu mtaijua kwa foleni yake.

Mpwa wangu Amani, miaka 6, amelelewa na bibi yake Uvira, huko chini kwenye joto la Ziwa Tanganyika. Taya la kushoto lilivimba, meno yakaanza kucheza. Mtu mmoja wa meno akang'oa mawili. Uvimbe ukaendelea hadi kusukuma jicho. Dada yangu alikwisha kuamini mtoto ametupiwa kitu.

Nyota zote nne ni za wadi. Dokta aligeuza risiti yetu, akachora nyuma yake. "Mama Amani, hii ni limfoma ya Burkitt, kansa ya seli za kinga. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, akiwa daktari Uganda. Aliona inafuata joto na malaria. Juu ya mita 1,500 ni nadra." Kisha akauliza mtoto amekulia wapi. Tukatazamana.

Virusi vya Epstein-Barr, alisema, karibu kila mtoto wa huku anavipata kupitia mate, na wengi haviwafanyi kitu. Ila palu, yaani malaria, ikirudi-rudi, seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, zinazaana bila kupumzika. Huwa zinakata na kuunga jeni zao, na mara chache zinaunga vibaya: jeni ya MYC, ile inayoamuru seli kuzaana, inatua pasipo pake, seli haijui tena kuacha kuzaana. Seli T, walinzi wa mwili, zilipaswa kuiua, lakini palu imezichosha, na virusi navyo vimejificha ndani ya seli hiyo, vinaonyesha karibu protini moja tu. "Askari hawamwoni adui." Dada akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Bukavu neno askari halijawahi kumtuliza mtu.

Siku ya nne baada ya siklofosfamidi (dawa ya kansa) ya kwanza, jicho lilikuwa limerudi ndani. Serumu (dripu) haikukauka, na wauguzi walipima mkojo usiku kucha, maana seli zikifa kwa wingi taka zake hulemea figo.

Nyota niliyoinyima: majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa yalichukua siku 11, kwa uvimbe unaoweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili! Halafu dirisha la malipo likakataa dola 20 zangu kwa mpasuko mdogo kama ukucha. Nikapanda hadi mtaa wa Kadutu kubadilisha noti, mvua inanyesha, dawa inangoja.

Ukija, lete ndoo, chandarua na noti zisizo na mkunjo. Sombe (kisamvu) ya yule mama wa geti la nyuma, Amani aliimaliza hata siku za sindano.