Coleman au Goodrow: usajili upi uliwafaa zaidi Tampa Bay?

Mashabiki wa hoki ya barafuni hawajaacha kubishana. Februari 2020 Tampa Bay Lightning, timu ya ligi ya NHL, walileta majembe mawili ya safu ya tatu (kundi la tatu la washambuliaji wanaopokezana barafuni): Blake Coleman kutoka New Jersey, Barclay Goodrow kutoka San Jose. Kila mmoja aliwagharimu haki ya kuchagua chipukizi raundi ya kwanza. Ghali, kwa watu wa kuongezea kikosi kina!

Kwa mshahara wa wakati huo Goodrow alishinda: dola 925,000 kwa msimu, karibu nusu ya milioni 1.8 za Coleman. Penye kikomo cha mishahara, yaani kiasi ambacho timu hairuhusiwi kukivuka kulipa wachezaji wake, hilo si dogo.

Kwa mabao hakuna ubishi. Coleman alitua na 21 ya msimu huo, Goodrow 8. Ila Goodrow anacheza pembeni na katikati pia. Senta akiumia, kocha hahangaiki.

Fainali ya NHL ya 2021 dhidi ya Montreal, kipindi cha pili kimebakiza sekunde moja na ushei, Goodrow alitoa pasi, Coleman akajirusha mzima mzima na kufunga. Sasa hapo umsifu nani?

Timu yako ina ukame wa mabao? Tafuta wa aina ya Coleman. Bajeti imebana na majeruhi wamejaa? Goodrow.