CVT au otomatiki ya kawaida: ipi ya kupanda nayo Newala?

Toyota Probox za kabla ya 2014 zina otomatiki ya gia nne; za injini ya lita 1.5 zilizofuata zina CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za ngazi.

Otomatiki ya kawaida hubadilisha gia kwa klachi na seti za meno, ndiyo maana unasikia kishindo kidogo. CVT ina puli mbili na mkanda wa chuma. Presha ya oili ikibana mashavu ya puli, mkanda hupanda juu, yakiachana, unazama. Mwendo hubadilika bila ngazi, na injini hubaki kwenye mzunguko unaobana mafuta.

Kwa lami ya Mtwara hadi Lindi, abiria wawili na mizigo midogo, chukua CVT. Kupandisha magunia ya korosho Newala ni habari nyingine. Mkanda hauna meno, unashikilia kwa kubanwa tu. Ukikanyaga sana mlimani, au ukizungusha tairi kwenye mchanga, oili huchemka, mkanda huteleza na kukwaruza puli. Dalili: mlio wa kuvuma, gari kutetemeka likianza kuondoka, injini kupiga kelele na mwendo hauongezeki. Hapo simama, usilazimishe.

Kinachoua CVT nyingi ni fundi kumimina ATF, oili ya otomatiki ya kawaida. Weka oili ya CVT ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ubadilishe kila kilomita 40,000 kama unabeba mizigo. Pima iliyotoka, kwa kawaida lita 3 hadi 4, urudishe kiasi hicho hicho, kisha hakiki kimo kwenye tambarare.

Otomatiki ya kawaida husamehe zaidi, na mafundi wanaoijua ni wengi.